Glavu Haina Macho

Fundi alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa la vidole.

Wiki nzima mkewe alimkaririsha majibu: siku ya kuondoka, siku ya kurudi, jina la hoteli, sababu ya safari. "Matembezi," alifundishwa kusema. "Mimi na mke wangu tunakwenda kutembea." Alilifanyia mazoezi neno hilo akiwa bafuni, akalifanyia mazoezi akiwa amepiga magoti kwenye sebule ya watu, nyundo ya mpira mkononi, mpaka mwenye nyumba akatoka jikoni akidhani anaitwa. Kumbe ofisi ya viza haikutaka maneno yake. Karani, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kwa mnyororo, alimwonyesha tu kioo kidogo kilichokuwa mezani. Akamwambia aweke vidole vinne vya mkono wa kulia, abonyeze, asitikisike.

Fundi akaweka. Taa ikawaka nyekundu.

Mkewe alikuwa ametangulia na kumaliza, vidole kumi kwa kumi, taa ya kijani kila mara. Sasa alisimama pembeni na bahasha ya picha na makaratasi, akitabasamu kama mzazi anayesubiri jina la mwanawe lisomwe. Karani alimpa Fundi kitambaa afute vidole. Nyekundu. Akamwambia avipumulie. Nyekundu. Akamwambia avisugue kwenye paji la uso vipate mafuta mafuta. Fundi akasugua hadi paji likawasha, akaweka, akabonyeza kwa nguvu zake zote. Kioo kililia, taa ikabaki nyekundu ileile.

"Baba, kwani unafanya kazi gani?" karani akauliza.

"Fundi vigae."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

Karani aliushika mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akavaa miwani. "Ndiyo maana," alisema. "Saruji imevila vyote. Huna alama hata moja, baba. Umekuwa laini kuliko hiki kioo changu."

Aliyasema bila ubaya. Akamweleza kwamba ngozi huota: wiki tatu bila kugusa saruji wala sabuni, mafuta asubuhi na jioni, halafu arudi wajaribu tena. Alimwandikia tarehe ya kurudi kwenye karatasi, akaipigia mstari mara mbili. Hiyo ilikuwa nafasi moja tu, kwa sababu baada ya hapo ilibaki wiki moja ndege yao iondoke. Vikikataa, ombi lake lingefungwa.

"Na la mke wangu?"

"La mama halina neno. Yeye anaweza kwenda."

Walipokuwa wakitoka, kisigino chake kiligonga kigae cha tatu kutoka mlangoni, nacho kikalia kitupu, maana aliyekiweka hakuweka saruji ya kutosha chini yake. Siku nyingine angesimama, akagonga tena, akacheka peke yake. Siku hiyo alipita tu.

Sasa ni lazima nikuambie safari hii ilikotoka, usije ukadhani ni watu waliozoea kuruka huku na huku. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu na mumewe naye akamwita hivyohivyo, alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Katika kitabu cha darasa la sita kulikuwa na mto wa nchi za mbali unaopita katikati ya mji wenye madaraja saba. Kila mwaka Mwalimu aliuchora mto huo ubaoni kwa chaki ya buluu, na kila mwaka akaufuta. Walipooana, mwaka uleule alioanza kufundisha, Fundi alimwahidi kumpeleka. "Mwaka kesho," alisema. Akasema hivyo mwaka uliofuata, na uliofuata. Mwaka mmoja kulikuwa na shule nzima ya kuweka sakafu, mwingine hospitali, na miaka mingine haikuwa na sababu yoyote ila uoga wa mtu ambaye hajawahi kwenda mahali asikojua sakafu yake. Mashemeji zake walimbandika jina: Bwana Mwaka Kesho. Mwalimu hakuwahi kulitumia. Siku alipostaafu alirudi nyumbani na masanduku mawili mapya, la kijivu na la kijani, akayasimamisha sebuleni, na pale yakakaa. Fundi alipita kando yake asubuhi na jioni kwa miezi mitano kabla hajasema, "Haya, twende."

Maji alikuwa ameyavulia nguo, hakuwa na budi kuyaoga. Ila sasa maji ndiyo yaliyomkataa.

"Umemsikia karani," alisema walipofika nyumbani. "Wewe unaweza kwenda."

"Nimemsikia."

"Basi vikikataa, uende. Nitakusindikiza mpaka uwanjani."

Mwalimu alikuwa akivua viatu. Alimaliza kimoja, akakiweka chini. "Nikienda bila wewe nitakuwa nimeuona mto tu, Fundi. Kusafiri nitakuwa sijasafiri."

Mtu mwingine angefurahi kuambiwa hivyo na mkewe. Fundi aliogopa zaidi. Alielewa kwamba vidole vyake vikikataa, mke hatakwenda, na masanduku yatapandishwa juu ya kabati, na yeye ndiye atakayekuwa amemnyima mara ya thelathini na mbili, safari hii bila hata kusema mwaka kesho.

Mwalimu akatunga sheria. Fundi hatafua, hataosha chombo, hatashika jiwe, hatafungua mfereji. Asubuhi na jioni alimkalisha kwenye kiti cha jikoni, akampaka mafuta mazito kidole kimoja kimoja, kisha akamvisha soksi mikononi, soksi za kahawia za kwake mwenyewe, zilizotoboka kisigino. Kwa mikono ya namna hiyo mtu hafungi kifungo wala hapokei simu. Binti yao akipiga kutoka mji anakofanya kazi, Mwalimu alimshikia baba mtu simu sikioni, na binti akacheka mpaka akaishiwa pumzi. Fundi hakucheka. Alifungua milango kwa kiwiko na kuwaza.

Kila asubuhi walifanya ukaguzi. Mwalimu alichukua bilauri safi, akamwambia abonyeze kidole gumba, akaiinua dirishani penye mwanga.

"Kontua mbili," alisema siku ya nne. Mistari ya vidole aliita kontua, ile mistari ya kwenye ramani inayoonyesha vilima.

"Jana ulisema tatu."

"Jana ilikuwa mafuta. Leo ni mbili, lakini ni za kweli."

"Mbili zinatosha?"

"Kwa kilima kidogo."

Akaenda kukaa. Baada ya nusu saa akarudi kuibonyeza bilauri peke yake, akaitazama, asione kitu, akaiosha kwa kusahau. Mwalimu alimkuta amesimama mbele ya sinki, maji yakimtiririka vidoleni. Hakumfokea. Alifunga mfereji, akamfuta, akaanza kumpaka mafuta upya. Fundi alitamani afokewe.

Rafiki yake mmoja, mpaka rangi waliyefanya naye kazi majumba mengi, alikuja kumjulia hali akaongeza chumvi kwenye kidonda. Alimsimulia juu ya mtu aliyekataliwa vidole mara tatu mpaka jina lake likawekwa alama nyekundu nchi zote. "Nchi zote?" Fundi akauliza. "Sijui kama ni zote," rafiki akasema, "lakini nyingi." Mwalimu akamletea mgeni kofia yake kabla hajaiomba.

Hayo yote yangevumilika kama isingekuwa bafu la Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, na bafu lake ndiyo kazi iliyokuwa mikononi mwa Fundi siku vidole vilipokataa. Vigae alikuwa ameviweka vyote, sakafu na kuta, vimenyooka. Kilichobaki ni kujaza mianya kati ya kigae na kigae kwa saruji nyeupe. Bafu ambalo mianya yake haijajazwa halimwagiwi maji, maana maji huingia chini na kuvinyanyua vigae. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Pacha alibisha hodi akiwa na taulo, ndoo na mapacha wake wawili.

"Shikamoo, Baba. Tunaomba bafu tena."

"Marahaba. Piteni, piteni."

Fundi alikaa na soksi zake akisikiliza maji yakimwagika na mapacha wakigombania sabuni, na kila ndoo ilimwagikia moyoni. Alikuwa ameahidi kumaliza wiki mbili zilizopita. Ahadi ni deni, na huyu hakuwa mtu wa kuwakimbia watu aliowaahidi, ukimwacha mkewe. Alianza kusema, "Nikienda nusu siku tu..." na Mwalimu akamkata: "Nusu siku ya saruji ni nusu kidole." Akamshauri amtafute fundi mwingine. Fundi akawahesabu wote anaowajua na kuwakataa mmoja mmoja: huyu hana subira, yule hukoroga saruji kama anapika uji, yule wa tatu ni mzuri ila akiondoka huacha maneno.

"Basi nitajaza mimi," Mwalimu akasema.

Fundi alicheka, mara ya kwanza tangu ofisini.

"Unacheka nini? Nimesimamia watoto wa darasa la tano wapake rangi ramani bila kutoka nje ya mpaka. Hiyo mianya yako imekuwa nini?"

Ilikuwa imebaki wiki moja kufikia tarehe ya karani. Walikwenda asubuhi, Mama Pacha akawafungulia, akapeleka watoto shule. Fundi alikaa mlangoni mwa bafu juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono kwenye soksi, akitoa maelekezo. Alimwelekeza namna ya kukoroga saruji nyeupe iwe nzito ya kusimama. Mwalimu akapiga magoti juu ya gunia, kibao chenye saruji mkono wa kushoto, kipande cha mpira mkono wa kulia, glavu zake za njano za jikoni zikimfika karibu na viwiko.

Kazi haikwenda. Mahali pengine alijaza juu juu, pengine aliacha vishimo, na mstari uliotakiwa kunyooka ukayumba. Fundi alivumilia safu mbili. Ya tatu ikamshinda, na kabla hajafikiri alikwishasema maneno aliyomwambia kila mwanafunzi wake kwa miaka thelathini na minne.

"Glavu haina macho, Mwalimu. Mwanya unamaliziwa na kidole. Kidole ndicho kinachoona palipojaa na pasipojaa."

Mwalimu alizitazama glavu, akazivua, akazitundika kwenye bomba. Akapitisha kidole kitupu kwenye mwanya, taratibu, akabonyeza saruji mpaka chini, na mstari ukanyooka.

"Na vidole vyako?" Fundi akauliza. Lakini aliuliza akiwa anaangalia mstari.

"Vyangu vimeshachukuliwa. Kumi kwa kumi, viko kwenye kompyuta yao."

Wote wawili waliona hilo ni jibu la kutosha. Kosa lilikuwemo humo ndani, ila nani angelikagua? Mmoja aliwaza vidole vyake, mwingine aliwaza vidole vya mumewe.

Walikwenda siku tatu. Siku ya pili Fundi aliacha kutoa maelekezo, na siku ya tatu aliona wivu kidogo, maana mianya ya ukuta wa mashariki ilikuwa mizuri kuliko yake. Mwishoni Mwalimu akasugua utando wa saruji juu ya vigae kwa siki na brashi ngumu, kuta zote nne na sakafu, mpaka bafu likang'aa. Mama Pacha aliporudi alisimama mlangoni na mfuko wa sokoni mkononi, akasema, "Kumbe siku zote tulikuwa na mafundi wawili hapa jirani."

Kuanzia jioni ile Mwalimu alimpaka mumewe mafuta kwa kitambaa. "Yasiishie mkononi kwangu," alisema. Fundi aliona ni busara.

Siku ya tarehe iliyopigiwa mstari mara mbili, Fundi alifika ofisi ya viza kabla haijafunguliwa, soksi mikononi, akazivua tu alipoitwa. Kidole gumba cha kulia: kijani. Cha kushoto: kijani. Vidole vinne vya kushoto: kijani, baada ya kupumuliwa. Vinne vya kulia, nyekundu. Akavipumulia. Nyekundu. Akavisugua kwenye paji la uso, polepole, kama alivyomwona Mwalimu akipaka saruji, kisha akaviweka bila kubonyeza sana. Mashine ikanyamaza muda ambao mtu angeweza kusema sala fupi. Kijani.

"Chanda chema huvikwa pete," karani akasema akiandika. "Chako nakivika viza, baba. Ila uendelee na mafuta. Mkifika huko mpakani watavipima tena, wavilinganishe na hivi."

"Vya kila mtu?" Mwalimu akauliza.

"Vya kila mtu."

Mwalimu alikuwa akitia makaratasi kwenye bahasha. Alisita kidogo, kisha akaendelea kuyatia. Fundi hakuona. Alikuwa akivitazama vidole vyake kama mtu aliyerudishiwa mali iliyoibwa.

Viza zilitoka siku ya nne. Siku ya saba masanduku, la kijivu na la kijani, yalibebwa kutoka sebuleni, na mahali yalipokuwa yamesimama sakafu ilikuwa na rangi tofauti. Mama Pacha alibaki na funguo. Binti alipiga simu mara tano. Katika foleni ya uwanja wa ndege Fundi alihesabu pasipoti kila baada ya watu wawili kusogea, zikawa mbili kila mara, na hilo halikumtuliza. Ndege ilipoinuka alifumba macho na kumshika mkewe kwenye mkono wa sweta, maana viganja vyake Mwalimu alikuwa amevikunja ndani.

"Unasikia baridi?"

"Kidogo. Vaa soksi zako."

Akazivaa. Chupa ndogo ya mafuta ilikuwa mfukoni mwa shati lake, na safari nzima aliipapasa kila mara. Mwalimu alikaa dirishani asilale, akitazama chini kwenye mawingu. Mara mbili Fundi alimwuliza kama amefurahi. Mara mbili akasema, "Sana," na mara zote mbili akachelewa kidogo kulisema. Fundi akafikiri ni uchovu. Akarudi kwenye hofu yake mwenyewe: je, mashine ya huko ikiwa kali kuliko ya karani?

Ukumbi wa kuingilia nchi ile ulikuwa mrefu, wenye mstari wa manjano sakafuni na vibanda vya vioo. Mwalimu aliijua lugha ya huko, aliisoma chuoni. Fundi alijua kusalimu na kushukuru tu.

"Tangulia wewe," Mwalimu akasema. "Tujue moja."

Fundi akavua soksi, akazitia mfukoni, akatangulia. Afisa mle kibandani alikuwa kijana mwenye mafua. Vidole vinne vya kulia, kijani mara ya kwanza. Vinne vya kushoto, kijani. Muhuri ukagonga, na Fundi akavuka mstari wa manjano akiwa mwepesi, akageuka nyuma kumngoja mkewe akicheka.

Taa ya mkewe ilikuwa nyekundu.

Mwalimu alifuta vidole kwenye sketi, akaweka tena. Nyekundu. Akavipumulia. Afisa alisema kitu, Mwalimu akajibu kwa sauti ya chini. Akavipandisha kwenye paji la uso, na hapo Fundi akaacha kucheka. Afisa alimtazama Mwalimu, akatazama skrini, akainua simu. Kisha akamwona Fundi amesimama, akampungia mkono aende zake kwenye mizigo.

Fundi hakwenda. Mwanamke mwenye sare alikuja akamchukua Mwalimu taratibu, akamkalisha kwenye benchi kando ya ukuta, akaondoka na pasipoti yake. Fundi akavuka mstari wa manjano kurudi. Mlinzi akanyoosha mkono kumzuia, akisema maneno ambayo Fundi hakuyaelewa, ila maana yake ilieleweka: ukishapita umepita.

"Yule ni mke wangu," Fundi akasema kwa Kiswahili. Hakuwa na lugha nyingine ya kusemea jambo hilo. Akaonyesha benchi, akaonyesha pete yake. Mlinzi akamtazama usoni, kisha akashusha mkono.

Fundi alikaa karibu na mkewe, akauvuta mkono wa kulia kutoka ndani ya sweta, akaugeuza kiganja juu. Ncha za vidole zilikuwa laini, nyekundu nyekundu, ngozi imebanduka kando ya kucha. Hapakuwa na kontua hata moja. Ngozi ile aliijua, aliishi nayo miaka thelathini na minne.

"Ni bafu la Mama Pacha," alisema.

"Na siki yake. Na nguo zetu."

"Ulijua?"

"Tangu karani alipotuambia. Nikawa napaka mafuta nikiwa chooni. Nikajua hayatawahi."

"Mbona hukuniambia, Mwalimu? Tungesubiri."

"Ndiyo maana. Ungesema mwaka kesho."

Fundi aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Wiki tatu nzima alikuwa ametazama vidole kumi tu duniani, vyake, asubuhi na jioni, kwenye bilauri na dirishani, na hivi vilivyokuwa vikimpaka mafuta hakuviangalia hata mara moja.

"Lakini hata siku ya pili? Hata siku ya tatu usizivae zile glavu?"

Mwalimu alimtazama kama alivyozoea kumtazama mwanafunzi anayeuliza kitu kilichoandikwa ubaoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Fundi," alisema, "si wewe uliyesema glavu haina macho?"

Watu wa ndege yao walikwisha wote, ukumbi ukabaki mtupu. Fundi alikuwa ameushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akiwaza kama watamrudisha peke yake au watawarudisha pamoja, na kama kuna namna ya kuwaambia kwamba kosa ni lake. Huku akiwaza, kidole chake kilikuwa kikipapasa vya mkewe, kama kinavyopapasa mwanya kutafuta palipopungua. Ghafla akasimamisha kidole. Mbele ya macho yake aliliona bafu: gunia, magoti, mkono wa kulia ukijaza, na wa kushoto...

"Wa kushoto ulishika nini?"

"Kibao."

"Siku zote tatu?"

"Siku zote tatu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Na kusugua?"

"Kwa wa kulia."

Aliutoa mkono wa kushoto ndani ya sweta yeye mwenyewe, akauinua kwenye mwanga wa taa za juu. Ilikuwepo. Haikuwa mingi, lakini mistari ilikuwepo, duara ndani ya duara. Fundi akatoa chupa mfukoni, akavipaka vidole vile mafuta kimoja kimoja, akavipangusa kwa shati lake ili visiteleze, akavipumulia mwenyewe. Mwanamke mwenye sare aliporudi, Mwalimu akamweleza. Mwanamke yule akasikiliza, akawapeleka kwenye kibanda cha pembeni.

Kidole gumba cha kushoto, kijani. Vidole vinne vya kushoto, nyekundu. Fundi akavisogeza mwenyewe kwenye paji la uso la mkewe, akavirudisha kwenye kioo, akamnong'oneza, "Usibonyeze. Weka tu." Kioo kikanyamaza. Kikanyamaza tena. Kijani.

Mwanamke yule aliandika kitu kwenye kompyuta, akauliza swali bila kuinua macho. Mwalimu akajibu. Mwanamke akainua macho, akamtazama Mwalimu, akamtazama Fundi, akagonga muhuri.

"Amekuuliza nini?" Fundi aliuliza walipovuka mstari wa manjano.

"Ameuliza nafanya kazi gani."

"Ukamwambia mwalimu."

"Nimemwambia mwalimu mstaafu," alisema, "na fundi vigae wa siku tatu."

Masanduku mawili tu yalikuwa yamebaki yakizunguka, la kijivu na la kijani. Fundi hakuyakimbilia. Alimkalisha mkewe kwenye kiti, akamimina mafuta yote yaliyobaki kwenye chupa, akampaka mkono wa kulia kwa mkono wake mtupu, bila kitambaa, ncha moja baada ya nyingine, asiharakishe hata kidogo. Kisha akatoa mfukoni soksi za kahawia zilizotoboka visigino na kumvisha, kwanza kulia, kisha kushoto. Mwalimu alicheka, machozi yakamtoka, akashindwa kuyafuta kwa sababu ya soksi, Fundi akamfutia. Hivyo ndivyo Mwalimu alivyouona mto wake asubuhi ile, kupitia dirisha la gari: akiuonyesha kwa soksi, akimtajia mumewe madaraja moja moja kwa majina, na Fundi ameshika pasipoti zote mbili.